Spektromita ya Kipande cha DVD: Kupima Naitraiti Katika Maji ya Kisima

Kisima kifupi kilicho jirani na choo cha shimo kinaweza kutoa maji maangavu yasiyo na harufu, na bado yakawa na naitraiti (NO₂), kemikali ya naitrojeni isiyoonekana kwa macho. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 3 za naitraiti kwa lita, na 50 za naitreti (NO₃), hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo, maana kemikali hizi huzuia damu kubeba oksijeni. Kikundi cha mtaa kinaweza kufanya upimaji wa awali wa visima vyake chenyewe, kikajua vipi vya kupeleka maabara kwanza. Kifaa kinachotosha kazi hiyo ni spektromita ya kujitengenezea, yaani kifaa kinachotenganisha mwanga kuwa rangi zake ili kila rangi ipimwe, ya aina iliyoenezwa na Public Lab, mtandao wa wananchi ulioanzia Marekani baada ya mafuta kumwagika Ghuba ya Meksiko mwaka 2010.

Tafuta DVD-R tupu, kamera ya USB, nyembe mbili, boksi gumu la urefu wa sentimita 20 hivi, na tepu nyeusi ya umeme. Pasua DVD kwa wembe kuanzia ukingoni, zitengane safu mbili, kisha chukua ile inayopitisha mwanga. Ioshe rangi ya zambarau kwa spiriti bila kuisugua. Kata kipande cha sentimita moja na nusu karibu na ukingo wa nje, ambako mifereji haijapinda sana. Mifereji hiyo imeachana nanomita 740 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ndiyo inayotawanya mwanga kuwa rangi. CD pia hufanya kazi, ila mifereji yake iko mbalimbali zaidi, hivyo rangi hubanana.

Bandika kipande mbele ya lenzi, kisha elekeza kamera takriban nyuzi 45 kutoka mstari wa mwanga unaoingia. Upande wa pili wa boksi tengeneza ufa kwa nyembe mbili zinazotazamana, ukizitenganisha kwa unene wa karatasi mbili. Ufa na mifereji lazima vilale sambamba, la sivyo rangi zitatoka zimepinda na kufifia. Ndani paka rangi nyeusi isiyong'aa, na kila mwanya uzibe kwa tepu.

Sasa elekeza ufa kwenye taa ya tyubu au balbu ya enaji seva ya aina yenye zebaki, si ya LED. Kwenye picha ya kamera utaona mistari mikali: bluu ya zebaki kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 435.8, kijani kwenye 546.1, na nyekundu karibu na 611. Tazama kijani kwa makini. Kifaa kizuri huonyesha mistari miwili iliyokaribiana, wa terbiamu (elementi iliyo kwenye unga unaong'aa ndani ya taa) na wa zebaki, na wa zebaki ndio ulio upande wa nyekundu. Ukiona donge moja, ufa ni mpana au lenzi haijalengwa sawasawa. Tuseme bluu imeangukia pikseli ya 200 na kijani ya 410: kila pikseli ni nanomita 0.525, na nyekundu inapaswa kuwa karibu na ya 535. Ikiwa mbali, kuna kitu kimelegea.

Naitraiti yenyewe haina rangi. Vitendanishi vya Griess, yaani kemikali za kupimia naitraiti, vinavyouzwa tayari kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, huigeuza waridi inayofyonza mwanga karibu na nanomita 540. Weka sampuli kwenye kuveti (kichupa angavu cha kupimia) ya mraba ya sentimita 1, katikati ya ufa na tochi ya LED nyeupe, na usubiri dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Kisha chukua thamani ya mwanga ambayo kamera imeonyesha karibu na nanomita 540: gawa ya maji safi yenye kitendanishi kwa ya sampuli, na uchukue logi ya kumi: 200 kwa 100 ni 0.30.

Hapa ndipo wengi huharibu. Kamera hujirekebisha mwanga yenyewe. Ikiona maji ya waridi yenye giza, huyang'arisha, na tofauti uliyokuwa unaitafuta inapotea. Funga mipangilio yote ya kamera isijirekebishe kabla ya kuanza, na usiiguse mpaka mwisho. Isitoshe, thamani ya 200 si lazima iwe mwanga mara mbili ya 100, kwa hiyo fomyula peke yake haitoshi. Tengeneza viwango: gramu 0.150 za sodiamu naitraiti katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kutoneshwa hutoa miligramu 100 za naitraiti kwa lita. Ipunguze nguvu kwa maji hayohayo hadi miligramu 1.0, 0.5, 0.25 na 0.1 kwa lita, uchore mstari, na usome sampuli zako juu yake. Unga huo unafanana na chumvi na ni sumu. Uandikwe jina na uwekwe mbali na jiko.

Zaidi ya miligramu 1.0 kwa lita mwanga unaobaki ni kidogo mno kwa kamera ya kawaida. Punguza nguvu ya sampuli kwa maji safi mara tano au kumi, usome tena, kisha zidisha jibu kwa idadi hiyohiyo. Maji yenye tope yachujwe, kwa sababu chembe hutawanya mwanga na kuongeza jibu bure. Sampuli ipimwe siku ileile, kwani bakteria huendelea kubadilisha naitraiti kuwa naitreti. Ndiyo maana kisima kinachosoma sifuri bado kinaweza kuwa na naitreti nyingi. Kipimo hiki hakiioni. Kama kisima kiko jirani na choo, chupa yake iende maabara hata hivyo.