Otieno wawili wodini: tunayodhani kuhusu usalama wa mgonjwa, na ukweli wenyewe

Hapa Kisumu, ukisimama mlangoni mwa wodi ya watoto ukaita "Otieno!", usishangae mama watatu wakiinuka. Jina hilo hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku, na watoto hawaachi kuzaliwa usiku. Ochieng ni wa jua la mchana, Akinyi ni binti wa asubuhi. Mimi ni muuguzi, nayapenda majina haya, na nimejifunza kuyaogopa.

Dhana: Muuguzi anayeuliza jina kila mara hajui kazi yake

Wazazi huudhika, na siwalaumu. Umekesha na mtoto siku tatu, kisha sista yuleyule anakuja tena: "Anaitwa nani? Alizaliwa lini?" Unaona kama hakujali.

Ukweli ni kwamba hapo ndipo anapokujali. Tangu 2007 Shirika la Afya Duniani linashauri mgonjwa atambuliwe kwa vitu viwili au zaidi, kama jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, kabla ya kupewa dawa, kuongezwa damu au kutolewa kipimo. Nambari ya kitanda haihesabiki. Watoto huhamishwa, na wodi ikijaa hulala wawili wawili.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Zamu ya usiku, Otieno wawili, vitanda vinapakana. Mmoja alikuwa wa sindano, mwenziwe alikuwa ameshapata nafuu, amebakishiwa tembe za amoksilini zinazoyeyushwa kwa maji, ila kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa mshipani, ilikuwa bado mkononi. Nilikuwa nimeushika mkono huo, nimeshafungua kifuniko cha kanula, bomba la sindano liko tayari. Mama akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Samahani sista, huyu wangu si anakunywa dawa ya kijiko?" Nikasoma faili upya. Sindano ilikuwa ya jirani. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mama yule aliniomba radhi kwa kuniuliza. Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi.

Dhana: Makosa ni ya wazembe, wafukuzwe, mambo yatanyooka

Wazembe wapo, na siwatetei. Lakini usiku ule faili mbili zilikuwa zimelaliana kwenye trei moja, juu zimeandikwa jina moja. Ningefukuzwa, muuguzi wa zamu iliyofuata angeikuta trei ileile. Tulichobadilisha ni mpangilio: wenye majina yanayofanana hawalazwi tena karibu, faili zao zinabandikwa karatasi nyekundu, na dawa inatayarishwa kando ya kitanda, mtoto mmoja kwa wakati.

Chumba cha upasuaji kilifundishwa somo hilohilo. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi, karatasi moja yenye vipengele 19 vinavyosomwa kwa sauti: kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla hajatolewa chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha vifo baada ya upasuaji vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Dhana: Sindano ina nguvu kuliko tembe

"Mdunge tu, sista, tembe hazimfai." Sentensi hii naisikia kila wiki, na nyingine zinatoka kwa akina nyanya ambao siwezi kubishana nao hivihivi. Malaria isiyo kali hutibiwa kwa tembe za ALU, dozi sita kwa siku tatu, zikinywewa pamoja na chakula. Sindano ya artesuneti ni ya malaria kali: mtoto anayedegedeka, aliyepoteza fahamu, asiyeweza kumeza. Kila sindano ni mlango mpya wa vijidudu, na ikidungwa mahali pasipofaa kwenye tako huweza kujeruhi neva ya mguu. Nimemwona mtoto akiburuta mguu kwa ajili ya sindano ambayo hakuihitaji kamwe.

Jirani ya dhana hii ni ile ya kwamba kila homa ya huku ziwani ni malaria. Nimonia nayo huleta homa. Mtoto ananunuliwa dawa ya malaria kwenye kemisti bila kupimwa, siku tatu zinapita, analetwa kwetu mbavu zikibonyea kila anapovuta pumzi. Apimwe kwanza. Kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni hutoa jibu katika muda wa nusu saa au chini yake.

Dhana: Akivaa glavu, mikono yake ni safi

Hapana. Glavu iliyomgusa mgonjwa wa kitanda cha kwanza ni chafu kwa wa kitanda cha pili. Mikono inasafishwa kabla ya kuvaa na baada ya kuvua: kwa sanitaiza sekunde 20 hadi 30, kwa maji na sabuni 40 hadi 60.

Dhana: Kumuuliza daktari ni utovu wa adabu

Tangu 2013 Kenya ina hati ya haki za wagonjwa, na kupewa maelezo kuhusu matibabu yako ni mojawapo. Uliza: hii ni dawa gani, ni ya nani, inatibu nini? Mtu akija na sindano, mtajie jina la mtoto kabla hajakuuliza. Na kama Kiswahili kinakukwama kwa hofu, uliza kwa Kijaluo. Wengi wetu tunakielewa, na asiyekielewa atamwita mwenzake.