Mawe ya tochi yakiisha, yasitupwe shimoni

Chini ya ganda la rangi la jiwe la kawaida kuna kopo la zinki, na zinki hiyo ndiyo inayoliwa kadiri tochi inavyowaka. Jiwe likikaribia kwisha, kopo limeshakuwa jembamba mno. Kuyaanika mawe juani huyapa nguvu ya muda mfupi tu, kisha kopo linatoboka na maji yake yanakula springi za redio. Huku kwetu pwani, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, hewa ya chumvi nayo inazidisha kutu. Redio isiyotumika itolewe mawe.

Yakivuja, angalia maandishi. Yenye neno "alkaline" hutoa unga mweupe. Futa kwa pamba yenye tone la ndimu au siki. Ya kawaida hutoa tindikali, kwa hiyo tumia magadi soda yaliyoloweshwa kidogo. Kausha vizuri kabla ya kuweka mapya.

Yaliyokwisha yawekwe kwenye kopo kavu la plastiki lenye mfuniko, usitumie la bati. Betri za simu na vibetri vya saa vizibwe ncha kwa selotepu, maana vikigusana na chuma hupata moto. Mtoto akimeza kibetri, mkimbizeni hospitali ya Ligula (Mtwara) au ya Sokoine (Lindi) saa hiyo hiyo: ndani ya saa mbili kinaweza kuunguza koo la chakula. Betri ya simu iliyovimba usiitoboe wala kuichaji. Iwekwe kwenye ndoo ya mchanga mkavu, nje ya nyumba.

Ninachokisisitiza zaidi ni moto. Majani ya mikorosho yakifagiliwa shimoni na kuchomwa, mawe yaliyotupwa humo huchomwa pamoja nayo. Hupasuka, na majivu yake huruka hadi juu ya bati. Kwa wenzetu wa Newala na Tandahimba, maji ya bati ndiyo yanayojaza kisima cha nyumbani.

Betri ya sola au ya pikipiki ni habari nyingine: zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi, ina thamani. Wapo wanunuzi wanaotaka umwage maji yake kwanza wasilipie uzito huo. Usikubali. Maji hayo ni tindikali yenye risasi ndani yake. Iuze nzima, ikisafirishwa wima, kwa mwenye kibali cha taka hatarishi. Kopo la mawe likijaa, afisa mazingira wa halmashauri ndiye wa kuulizwa lipelekwe wapi.