Soko limejaa, sufuria tupu: maswali kuhusu njaa ya mjini Kigoma

Soko la Mwanga limejaa vyakula. Inakuwaje familia zilale njaa?

Mjini chakula kinanunuliwa. Mkulima wa Kasulu ana mahindi na maharage yake ndani. Mpangaji wa Ujiji ana hela ya leo tu. Hela ikikatika siku mbili, jiko linapoa hata kama soko liko hatua chache kutoka mlangoni.

Nani yuko hatarini zaidi?

Wanaoishi kwa kibarua: wabeba mizigo, wavuvi wasio na chombo, kina mama wanaoanika dagaa Kibirizi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka mavuno hupungua na kipato hushuka. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Lengo lilikuwa jema, lakini miezi 3 ni mirefu mno kwa kaya isiyo na akiba.

Ongeza hapo mzazi anayelea peke yake, mgonjwa wa muda mrefu ndani ya nyumba, au kodi inayodaiwa ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Kodi haipunguziki; chakula ndicho kinachopunguzwa.

Kununua kidogo kidogo kuna ubaya gani?

Mafuta ya kupima, unga wa robo, mkaa wa kopo: ukijumlisha mwisho wa mwezi, asiye na hela amelipa bei kubwa kuliko anayenunua gunia. Mkaa nao huamua mlo. Maharage yanaachwa kwa sababu yanakula mkaa mwingi, na hapo protini ya bei nafuu imetoka nyumbani. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha upike. Yataiva mapema zaidi.

Wanangu wanashiba ugali. Bado kuna shida?

Inawezekana, na hili ndilo linalonisumbua zaidi. Hela ikipungua, ugali hubaki; samaki, mboga na matunda ndivyo hutangulia kuondoka. Halafu mama huanza kujinyima, hata akiwa mjamzito au ananyonyesha. Mtoto aliyejaa tumbo anaweza kudumaa kwa kukosa madini na vitamini. Dagaa wanaoliwa wazima wana kalsiamu nyingi, na mawese mekundu yana viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Usiyachome mpaka yapoteze rangi, maana viini hivyo huharibika.

Nitajuaje hali imekuwa mbaya?

Angalia haya: unakuwa na wasiwasi wa mlo wa kesho, mnakula chakula cha aina moja siku nyingi mfululizo, mnaruka mlo, mnakopa dukani ili kula. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kliniki hupima mzunguko wa mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko, kwa mkanda. Chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu mara moja. Miguu yake yote miwili ikivimba, mpeleke siku hiyo hiyo.

Nianzie wapi kuomba msaada?

Mtafute mhudumu wa afya wa mtaa wako, naye atampima mtoto au atakuelekeza kliniki. Kwa ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, muulize mwenyekiti wa mtaa jinsi kaya zinavyotambuliwa. Nenda mapema, kabla hujauza cherehani au baiskeli inayokuingizia hela.