Muhula Mmoja Ulaya: Yanayosemwa Barazani Tanga na Ukweli Wake

Kijana wa Tanga akipata nafasi ya kusoma muhula mmoja Ulaya, habari hufika Ngamiani kabla ya viza. Wa kijiweni wanaanza kumwita Mzungu, shangazi anaorodhesha nguo za kuletewa, na jirani ambaye hata Horohoro hajavuka anatoa darsa zima la maisha ya kule. Darsa zenyewe hazipishani sana. Nimezisikia za kutosha tangu niliporudi kutoka muhula wangu wa baridi Ujerumani, maana wazazi wa mtaani huniita kila penye fomu ya kujazwa. Kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya Ujerumani; nchi nyingine zina taratibu zake.

"Hayo ni mambo ya watoto wa vigogo"

Hii ndiyo dhana inayowafanya wengi wasijaribu hata kuulizia. Ukweli ni kwamba kwenye makubaliano ya kubadilishana wanafunzi, kijana anabaki kuwa mwanafunzi wa chuo chake cha hapa. Ada analipa hapa, kule halipi ada ya masomo. Akipita kwenye Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya ulioanza mwaka 1987 kwa ajili ya wanafunzi wa Ulaya wenyewe na baadaye ukafungua mlango kwa vyuo vya Afrika, anapata pia posho ya kila mwezi na mchango wa nauli. Tangazo la nafasi hizo hubandikwa kwenye ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo, mahali ambapo wanafunzi wengi hupita bila kugeuza shingo.

Ila kutolipa ada si kwenda bure. Asiye na ufadhili anapoomba viza ya Ujerumani lazima aonyeshe fedha za kujikimu. Tangu Septemba 2024 kipimo ni euro 992 kwa mwezi, zikiwa zimewekwa kwenye akaunti maalumu ambayo mwenyewe anaruhusiwa kuchota kiasi cha mwezi mmoja tu kila mwezi. Mwenye barua ya ufadhili inayofikia kiwango hicho hana haja ya akaunti hiyo. Bado kuna bima ya afya, ambayo haikwepeki, na mchango wa muhula ambao chuo cha kule hutoza.

Familia nyingi hukwama mahali pengine kabisa: posho mara nyingi huingia baada ya kijana kufika, wakati nauli, dhamana ya chumba na koti vinadai fedha mapema. Aliyezoea kusubiri bumu, ile fedha ya mkopo wa chuo, anaijua hali hii. Ndiyo maana huwasihi wazazi mchango wa ukoo usiishie kwenye sherehe ya kumuaga.

"Atabeba boksi, atatuma chochote"

Mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi Ujerumani siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka, kwa hiyo kazi si haramu. Lakini muhula ni miezi michache, kazi za haraka zinataka lugha, na miezi hiyo hiyo ndiyo ya mitihani. Akipata chochote kitaishia kwenye kodi na chakula. Tofali za nyumba ya Pongwe zisubiri.

"Muhula wenyewe umepotea"

Haupotei ukipangwa. Vyuo vya Ulaya vinahesabu masomo kwa krediti: 30 kwa muhula, 60 kwa mwaka, na krediti moja ni kazi ya saa 25 hadi 30, pamoja na muda wa kujisomea mwenyewe. Kabla ya safari unasainiwa mkataba wa masomo kati ya mwanafunzi, chuo chake na chuo kinachompokea, unaoonyesha somo lipi la kule linachukua nafasi ya lipi la hapa. Muhula hupotea pale kijana anapofika, akaona somo fulani gumu, akalibadilisha kimya kimya bila kumwandikia mratibu wake.

"Atazunguka Ulaya nzima, atarudi mtu mwingine"

Hapa kuna dhana mbili zilizobebana, na hii ndiyo ninayoipenda kuibishia kuliko zote.

Kuzunguka kunawezekana, tena kisheria. Viza ya taifa anayopewa mwanafunzi wa Ujerumani inamruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani kati yao, kwa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Kuna tiketi ya mwezi, kuanzia Januari 2026 ni euro 63, inayompandisha mtu treni za kawaida, tramu na mabasi nchi nzima, isipokuwa treni za mwendo kasi. Ukiwa mvumilivu wa kubadilisha treni unafika mbali. Ukitoka tu nje ya mipaka, kila wikiendi ni nauli, malazi na somo la Jumatatu ambalo hukulisoma. Nimewaona wenzangu wa Ulaya wakikusanya miji kama kadi za simu: Prague Ijumaa, Vienna Jumamosi, picha mbele ya kanisa, basi la usiku, darasani macho mekundu. Waja leo waondoka leo.

Na je, mizunguko hiyo ndiyo inayomkomaza mtu? Watafiti William Maddux na Adam Galinsky waliliangalia jambo hili katika tafiti walizochapisha mwaka 2009. Mojawapo ya majaribio yao lilikuwa la zamani na rahisi kuelezea: unapewa mshumaa, njiti za kibiriti na boksi la pini, unaambiwa ubandike mshumaa ukutani uwake bila nta kudondoka chini. Wengi huhangaika kuuchoma mshumaa kwa pini au kuugandisha kwa nta. Jibu ni kumwaga pini, kulibana boksi tupu ukutani, na kuusimamisha mshumaa ndani yake. Waliowahi kuishi nchi za nje walifumbua fumbo hilo zaidi kuliko wengine, na kadiri walivyokaa muda mrefu ndivyo walivyofanya vizuri. Kusafiri tu, kwenda na kurudi, hakukuonyesha faida hiyo. Mwaka 2018 kundi jingine lililoongozwa na Hajo Adam lilikuta jambo linalofanana kuhusu mtu kujifahamu: kilichohusika ni urefu wa kukaa, si idadi ya nchi.

Tusizipe tafiti hizi uzito zaidi ya zinavyostahili, kwa sababu huenda anayekubali kuishi ugenini tayari ni mtu wa aina fulani. Julia Zimmermann na Franz Neyer, kwenye utafiti wao wa mwaka 2013, walilishughulikia swali hilo kwa kuwafuatilia wanafunzi zaidi ya elfu moja wa Ujerumani, waliokwenda nje na waliobaki. Kweli, waliokwenda walikuwa tofauti kidogo hata kabla ya kuondoka. Lakini baada ya hapo walibadilika pia: wakawa wepesi zaidi wa kupokea mambo mapya na wenye wasiwasi mdogo. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilifungamana na marafiki wapya wa mataifa mengine walioingia katika maisha yao.

Kwa maneno ya barazani, jiko la hosteli lina kazi kubwa kuliko Mnara wa Eiffel. Chukua kijana wa Chumbageni aliyelelewa na mama na dada, hajawahi kuosha hata kikombe chake. Kule jiko ni la watu wanane na ratiba ya usafi imebandikwa kwenye friji. Taka zina ndoo zake: karatasi huku, plastiki kule, maganda pake, na chupa zenye dhamana ya senti 25 zinarudishwa dukani. Akichanganya, mtu anamgongea mlango na kumwambia usoni, bila "samahani kaka yangu", na kesho yake anamsalimia kama kawaida. Kwa sisi tuliolelewa kwenye kuzunguka maneno mpaka mwenzio aelewe mwenyewe, hilo linauma wiki nzima. Kisha siku moja anapika wali kwa tui la kopo, Mpolandi wa chumba cha pili anauliza kinachonukia ni nini, sahani ya pili inatoka kabatini, na kuanzia hapo Jumapili zina mtu wa kula naye. Na Jumapili huwa ndefu, kwa sababu maduka karibu yote yamefungwa.

Simaanishi ajifungie ndani. Safari moja au mbili afanye, ikiwezekana na huyo Mpolandi, nyumbani kwao.

Mtu mwingine pia harudi. Wazazi huogopa, kijiwe kinatarajia, na wote wawili watakosea: mabadiliko yaliyopimwa ni madogo. Anarudi yule yule, pengine ameacha kuchelewa. Na anaosha sufuria.

"Mwanzo ni raha, upweke huja baadaye"

Kuna mchoro maarufu wa herufi U: furaha ya kufika, kisha kuporomoka, kisha kuzoea. Ulitokana na kazi ya Sverre Lysgaard, Mnorwei, mwaka 1955, na tangu hapo umerudiwa kwenye semina za wanaosafiri hadi umekuwa kama sheria. Colleen Ward na wenzake walipowafuatilia wanafunzi wa Kijapani nchini New Zealand, matokeo wakayachapisha mwaka 1998, walikuta kinyume: hali ilikuwa mbaya zaidi pale mwanzoni kabisa, mara tu baada ya kufika, kisha ikawa nafuu.

Kwa hiyo mama, mwanao akikupigia usiku wa kwanza analia, hajashindwa safari. Na baba, usimwambie "umeshaanza?". Usiku ule hana shuka, hana laini ya simu, na kesho anaanza kuhangaikia ofisi ya manispaa, maana anayehamia Ujerumani anatakiwa ajiandikishe anwani yake ndani ya wiki mbili. Inayosaidia ni simu fupi na ya kawaida. Mwambie pweza leo kauzwa bei gani.

"Atapoteza dini"

Ujerumani ina Waislamu zaidi ya milioni 5, kundi kubwa kuliko mengine likiwa la wenye asili ya Uturuki, kwa hiyo nyama ya halali na msikiti vinapatikana kwenye miji mingi. Kinachomshughulisha Mtanga ni jua. Hapa kwetu magharibi haisogei hata kwa saa nzima mwaka mzima. Berlin mwishoni mwa Desemba jua linachomoza saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Adhuhuri inaingia saa sita na dakika chache, alasiri kabla ya saa nane, magharibi saa kumi kasoro. Sala tatu ndani ya saa nne, na katikati kuna kipindi cha maabara. Vijana wengi husema hawajawahi kuiwazia sala kama walivyoiwazia huko, kwa kuwa hakuna adhana ya kuwakumbusha. Kila mmoja anajiamulia kona na muda. Wakristo wa Lushoto, ambako Ulutheri uliletwa na wamisionari wa Kijerumani, nao hushangaa kukuta kwenye ibada ya Jumapili vichwa vyeupe vichache.

"Mfungashieni chakula cha kutosha"

Hili liangaliwe kwa makini, forodha ya Umoja wa Ulaya haina huruma. Nyama na vitokanavyo na maziwa kutoka Tanzania haviruhusiwi, kwa hiyo samli ya bibi itaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege. Machungwa ya Muheza yanadai cheti cha afya ya mimea. Nazi haidai cheti hicho, wala nanasi, ndizi na tende. Ng'onda na dagaa mkavu wanapita pia, alimradi ni wa matumizi yake na hawazidi kilo 20. Wafungwe vizuri, tafadhali, kwa ajili ya abiria wengine.

"Akirudi ndiyo amemaliza"

Bado. John na Jeanne Gullahorn, watafiti wa Marekani, waliandika mwaka 1963 kwamba kurudi nako kuna bonde lake, na mtaani tunalifanya kuwa refu zaidi kwa kumcheka kila anapotamka "kule". Mwacheni aseme mwezi mmoja, litamwisha.

Zito zaidi ni la karatasi. Mitihani ya muhula wa baridi inaweza kuingia hadi Februari na Machi, matokeo yanachelewa, na mfumo wa alama umepinduka. Kwetu GPA ya 5.0 ndiyo kilele. Ujerumani 1.0 ndiyo bora kabisa, 4.0 ni ya mwisho ya kufaulu, na 5.0 ni kufeli. Mwanafunzi mwenye 1.3 amefanya vizuri mno, lakini karani asiyejua ataisoma kama maafa. Kabla hajaondoka apate kwa maandishi ni nani chuoni kwake atakayezibadilisha alama, na kabla hajarudi achukue kule jedwali la maelezo ya alama lenye mhuri.