Plasta Imetoka, Sasa Unasubiri Nini?

Nimeulizwa tena: "Plasta nimetolewa lakini mguu bado unauma. Si nipumzike kwanza, maumivu yakiisha ndiyo nianze mazoezi?" Hapana. Ukisubiri hivyo utasubiri sana, maana sehemu kubwa ya maumivu hayo imeletwa na huko kukaa bila kutumika.

Tuchukue kifundo cha mguu kilichoteguka. Kano za upande wa nje zimechanika, mguu umefungwa wiki kadhaa. Siku ya kufungua, ngozi inabanduka magamba, shavu la mguu limenywea hadi mwenyewe anashtuka, na kifundo hakikunjiki. Mtazame anavyotembea: unyayo kauelekeza nje. Anadhani anakwepa maumivu, kumbe muundi umegoma kusonga mbele juu ya unyayo, basi anapitia kando. Mwambie asimame mbele ya ukuta, goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka, kisha apime umbali kutoka kidole gumba hadi ukutani, mguu huu na ule. Tofauti ya sentimita kadhaa ni jambo la kawaida, na kila sentimita ni kama digrii 3 na nusu za mkunjo zilizopotea.

Kano nayo bado haijamaliza kupona. Wiki za mwanzo mwili huziba pengo kwa kolajeni (protini inayounda nyuzi za kano) dhaifu ya aina ya III, nyuzi zimelala ovyo kama uzi uliochezewa na paka. Kuja kolajeni imara ya aina ya I, tena iliyojipanga kufuata mvuto, ni kazi ya miezi, pengine mwaka na zaidi. Kinachozipanga nyuzi hizo ni mzigo, yaani uzito na mvuto unaoupa mguu kwa mazoezi.

Nikisema "mzigo" watu wanasikia "vumilia". Ndipo linapokuja kundi la pili, la mashujaa, wanaokandwa hadi machozi wakiambiwa kovu linavunjwa. Halivunjwi! Mikono ya mtu haipangui kovu la kano. Kukandwa kunatuliza, sawa, lakini hakuna misuli iliyowahi kupata nguvu kwa kukandwa.

Maumivu nayapima kuanzia 0 hadi 10. Wakati wa zoezi naruhusu hadi 4. Ila jibu lenyewe linakuja asubuhi yake: kifundo kimevimba kuliko jana? Hatua za kwanza kutoka kitandani zimekuwa ngumu zaidi? Kama ndiyo, punguza marudio au uzito, usiache. Kama hapana, ongeza kidogo. Na hiyo 4 haikushuka kutoka mbinguni. Wenzangu wengine huruhusu 5, wengine hawapiti 2, na kuna wagonjwa ambao namba haziwafai kabisa: mwoga anataja 8 kabla hajakanyaga sakafu, mchezaji anataja 2 huku kakunja uso na kushika meza. Kwa hao huwa naamini uvimbe kuliko maneno. (Aliyefanyiwa upasuaji wa kuunganishwa kano afuate kwanza mipaka ya daktari wake.)

Mazoezi yenyewe hayana maajabu: kunja na kunjua kifundo, nyanyua visigino kwa miguu miwili kisha mmoja, simama kwa mguu mmoja, baadaye ufumbe macho. Hili la mwisho wengi wanaliruka kwa kuwa halitoi jasho, halafu wanateguka tena palepale.

Barafu? Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, ambaye mwaka 1978 alitoa ule ushauri maarufu wa pumziko, barafu, kubana na kuinua, baadaye aligeuka mwenyewe kuhusu barafu na pumziko la muda mrefu. Ikikutuliza, tumia. Tuendelee.

Maumivu ninayoyaogopa ni mengine. Shavu la mguu likivimba, likapata joto na kuuma hata umetulia, huenda damu imeganda kwenye mshipa: nenda hospitali leo, na asikukande mtu. Pumzi ikikatika ghafla, hiyo ni dharura. Na mguu ukiwa unawaka moto, rangi inabadilika, hata shuka ikiugusa huvumilii, muone daktari mapema. Kanuni yangu ya 4 haikuhusu wewe.