Eti aliyebeba jezi ya njano ndo namba moja duniani? Hapana bana

Kila Julai ikiisha napata swali lilelile kutoka kwa vijana ninaowafundisha mbio za baiskeli, na sahivi nimechoka kulijibu mmoja mmoja: "Kocha, mbona jamaa kachukua Tour halafu kwenye ranki ya UCI kuna mtu yuko juu yake?" Tour ni Tour de France, anayeishinda ndo anabeba jezi ya njano, na UCI ni shirikisho la baiskeli la dunia. Anayeuliza anakuwa na uhakika kabisa kuna mahali pamechakachuliwa. Hakuna aliyechakachua kitu!

Ranki inahesabu pointi, heshima haina safu yake pale. Tangu 2023 mshindi wa Tour de France anapata 1300 na wa pili 1040, yaani wamepishana 260 tu. Sasa angalia 2023 yenyewe, Vingegaard wa Denmark alimpiga Pogačar wa Slovenia kwa dakika 7 na sekunde 29, kipigo haswa, lakini ranki haijui dakika, hata angemzidi kwa sekunde moja ingekuwa 260 ileile. Na Pogačar alikuwa keshabeba Flanders, mbio kubwa ya Ubelgiji, mwezi wa nne, pointi 800 kwa siku moja ya kukanyaga pedali, kisha akavunjika mkono kwenye Liège, mbio nyingine ya Ubelgiji, akapona, akamaliza Tour wa pili, akaja kuchukua Lombardia ya Italia mwezi wa kumi, 800 nyingine. Hapo sijagusa Paris-Nice wala Amstel, nazo alishinda. Mwaka ukaisha yeye namba moja. 2022 ilikuwa hivyohivyo, Tour ya Vingegaard, ranki ya Pogačar. Na wazee wenzangu wanamkumbuka Sean Kelly wa Ireland, ranki za zamani zilipoanza 1984 yeye ndo alikuwa kileleni na akakaa hapo miaka, Tour hajawahi kuishinda hata moja. Kwa hiyo tusibishane tena.

Nyingine inayonikera: "Januari wote wanaanza sifuri." Timu ndiyo, mtu mmoja mmoja hapana. Pointi za mwendeshaji zinaishi wiki 52 halafu zinadondoka. Mwaka jana ulishinda Liège, mwaka huu ikirudi zile 800 zinatoka, ukishinda tena unabaki palepale, ukiwa wa pili unaingiza 640, kwa hiyo umepanda jukwaani kwenye mbio kubwa vile na bado umepoteza 160. Watu wakiona kashuka wanaandika jamaa kaisha. Mimi nikitaka kujua nani yuko fomu nasoma matokeo ya wiki sita za mwisho, ranki naiacha, na wewe fanya hivyo.

Pointi za jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi ndani ya Tour? Zile za sprinti za katikati ya steji (hatua ya siku moja) zinaishia humohumo kwenye Tour, haziendi UCI, acheni kuzijumlisha.

Na hii ya timu, kwamba ukifanya vizuri mwaka mmoja leseni ya WorldTour, daraja la juu la timu, unayo. Waulize Lotto Soudal, timu ya Ubelgiji. 2022 walikuwa na dogo De Lie, miaka 20, anashinda vimbio vidogovidogo na kuwaletea pointi kila kukicha, ila hesabu ya leseni ilikuwa ya misimu mitatu, 2020 mpaka 2022, na ile miwili ya mwanzo ilikuwa mibovu. Wakashuka.