Vileja vya Idi: kazi huanza kabla ya moto

Kila Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, wanafunzi wangu wa upishi hapa Mji wa Kale, Mombasa, huniletea malalamiko yale yale: vileja, biskuti zetu za Idi, vimemomonyoka kwenye treya, au vimekauka vikawa kama kokoto. Wengi huulaumu moto. Kwa uzoefu wangu, mara nyingi kosa limeshafanyika kabla joko halijawashwa.

Kileja ni cha unga wa mchele, na mchele hauna guluteni, ile protini ya ngano inayoshikamanisha donge likavutika. Kinachokishika ni yai na samli, kwa hivyo unga ukiwa na chenga, kila chenga hugeuka ufa. Mchele huoshwa, ukarowekwa kwa saa chache, ukachujwa na kutandazwa juu ya kitambaa mpaka maji yakauke, ndipo ukasagwa. Na kwa kuwa unga huo bado una unyevu, huanikwa tena, kisha hupitishwa mara 2 kwenye chekeche ya matundu madogo. Marehemu mama alikuwa akiusugua kati ya kidole gumba na cha shahada, na akihisi mchanga aliurudisha kwenye kinu. Nami sijapata kipimo kinachokishinda hicho.

Kwa gramu 500 za unga natumia gramu 250 za samli, gramu 250 za sukari laini na mayai 2. Samli na sukari hupigwa mpaka viwe vyeupe, maana hewa inayoingia hapo ndiyo inayokifanya kileja kiwe chepesi. Joto letu la Mombasa huyeyusha samli ikiwa ingali mkebeni, na samli ya maji haishiki hewa hata ukiipiga kutwa. Itie kwanza kwenye friji mpaka igande kidogo.

Sasa iliki, ambayo naipenda kuliko yote. Harufu yake imo katika mafuta yanayoruka upesi, na ganda ndilo linaloyahifadhi. Mwaka mmoja, kwa haraka ya sikukuu, nilinunua iliki iliyokwisha sagwa katika duka moja la mjini: vileja vilitoka na vidoa vya kijivu, vikanukia majani makavu, kwani maganda yalikuwa yamesagwa humo humo. Tangu hapo nanunua nzima sokoni Marikiti, na sinunui kabla ya kupasua moja. Punje ziwe nyeusi na zenye kunata kidogo. Zikiwa kavu na za rangi ya vumbi, naiacha. Maganda 15 yananitosha. Punje zake nazitwanga siku ile ile ya kuoka, pamoja na kijiko cha sukari, ambayo husaidia kuzisaga na kuyanyonya mafuta yake. Kungumanga kidogo haidhuru, lakini karafuu siitii, kwa sababu huimeza iliki.

Moto uwe nyuzi 160 za selsiasi, kwa dakika 15 hadi 20. Anayepalia makaa aweke mengi juu ya kifuniko na machache chini ya sufuria. Kileja kikiiva hubaki cheupe juu na kupata wekundu hafifu chini, na hapo bado ni laini kwa kuwa samli haijaganda, kwa hivyo usikiguse kwa mkono wala kwa mwiko mpaka treya yenyewe iwe imepoa kabisa.